Ng'ombe Mwenye Nundu Asidharauliwe

Wakulima wengi wenye mashamba madogo, wapatapo fedha, hutamani kwanza kununua ng'ombe wa gredi. Kutamani huko si kosa, kwa kuwa Friesian aliyetunzwa vyema hutoa maziwa mengi kuliko ng'ombe kadhaa wa kienyeji. Lakini mwili wake ni mkubwa. Hutaka majani mengi, maji mengi, na dawa ya kupe bila kukosa hata wiki moja. Penye upungufu wa mambo hayo, fedha yote ya mnunuzi yaweza kupotea kwa ndigana.

Ng'ombe mdogo wa kienyeji mwenye nundu hula kidogo, huvumilia jua, na huweza kwenda mbali kutafuta maji. Kupe hawamshambulii sana kama ng'ombe wa Ulaya, na penye ndigana tangu zamani hustahimili kuliko wageni. Maksai wake huvuta jembe la plau Ukambani. Kasoro yake ni maziwa machache, pengine lita moja au mbili kwa siku, tena mara nyingi huyazuia asipomwona ndama wake.

Kwa nyama, Boran amepata sifa kubwa. Asili yake ni nchi ya Waborana, kusini mwa Ethiopia. Wenye mashamba makubwa ya Laikipia walichagua walio bora kizazi baada ya kizazi, na chama chao kikaundwa mwaka 1951. Jike wake huzaa kwa urahisi na kumtunza sana ndama wake. Boran wa Waorma, karibu na mto Tana, wana sifa nyingine: hustahimili ugonjwa wa mbung'o kuliko Boran wengine.

Mwenye kutaka maziwa mahali pakavu na amtazame Sahiwal. Huyu ni mwekundu, ngozi yake imelegea chini ya shingo, na asili yake ni Punjab. Baina ya mwaka 1939 na 1963 waliletwa Kenya mafahali 60 hivi na majike 12, kisha kundi la Serikali likawekwa Naivasha. Maziwa yake hayafikii ya Friesian, lakini yanazidi sana ya ng'ombe wa kienyeji. Wamaasai wengi wa Narok na Kajiado wamempandisha kwa ng'ombe wao.

Hapo ndipo penye hatari. Mtamba wa kwanza wa mchanganyiko huwa mzuri sana, kwa kuwa huchukua nguvu za mama na maziwa ya baba. Mkulima hufurahi, akaendelea kuwapandisha wazao wake kwa fahali wa kigeni mwaka baada ya mwaka, hata ule ustahimilivu ukapungua. Na akishauza majike wote wa asili, hana pa kurudi: mchanganyiko mzuri hauwezi kufanywa tena bila mama wa asili.

Basi mwenye shamba na apime kwanza majani, maji na josho alivyo navyo, kisha ndipo achague ng'ombe. Na majike wake bora wa kienyeji awabakize wachache, wapandishwe kwa fahali mzuri wa aina yao wenyewe. Wahenga walisema: Mwacha asili ni mtumwa.