Sintesaiza za zamani: Kununua si kazi, kazi ni kutunza

KATIKA ibada za Kilutheri kaskazini mwa Tanzania, tarumbeta ni chombo cha miaka mingi. Utamaduni huo ulitokana na wamisionari wa Kijerumani. Wale wa Leipzig walifungua kituo cha Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mwaka 1902. Tarumbeta likibonyea au likipata ufa, fundi anayejua kulehemu shaba nyeupe hulirejesha katika hali yake.

Kinanda cha umeme ni suala jingine, hasa sintesaiza za analogi zilizotengenezwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwaya au bendi inayopewa chombo cha aina hiyo kama zawadi, au inayokichanga kwa sadaka na viingilio, haina budi kujua kwamba bei ya kukipata ni mwanzo tu wa matumizi.

Sintesaiza ya analogi haichezi sauti zilizorekodiwa. Huiunda sauti papo hapo kwa mkondo wa umeme unaopita katika osileta, vichujio na vikuza sauti. Minimoog ya Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 1970, ina osileta tatu. Prophet-5 ya mwaka 1978 ina kumi. Kila moja ni lazima ilingane na nyingine, na joto linapopanda au kushuka, transista hubadili mwenendo na sauti huhama. Ndiyo maana chombo huachwa kipate moto kwanza kabla ya kulinganishwa.

Gharama ya kwanza ni ya uzee. Kapasita zenye majimaji ndani hukauka hata kama chombo hakipigwi. Kapasita yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Ghali ni saa za fundi anayefungua chombo, kung'oa kapasita moja baada ya nyingine, kulehemu mpya na kupima upya kila sauti. Vumbi nalo huingia chini ya vitufe na kwenye vinobu, vikaanza kukwaruza.

Gharama ya pili ni vipuri visivyotengenezwa tena. Mfano unaojulikana ni Juno-106 ya Roland, iliyotolewa mwaka 1984. Sauti zake sita hutegemea vijisaketi vilivyofunikwa kwa utomvu mgumu, na utomvu huo ndio unaoviharibu kadiri miaka inavyopita. Kikifa kimoja, vilivyobaki vina umri uleule, hivyo mwenye chombo hulipa leo na kujiandaa kulipa tena kesho. Ndani yake pia mna betri ya kutunza kumbukumbu, iliyolehemewa kwenye saketi. Ikiisha, mipangilio yote ya sauti hupotea.

Gharama ya tatu ni umeme. Tanzania hutumia volti 230, wakati vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100 na vya Marekani volti 120. Kuchomeka chombo hicho moja kwa moja ukutani ni kukiunguza. Kinahitaji transfoma inayofaa, na mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, stabilaiza pia.

Kwa nini basi watu huvihangaikia? Jibu mojawapo lipo Ethiopia. Mwaka 1985 mpiga kinanda Hailu Mergia, akiwa Marekani, alirekodi albamu kwa kutumia Moog, piano ya umeme na akodiani. Baadaye aliishi kwa kuendesha teksi. Albamu hiyo ilipotolewa upya mwaka 2013, wasikilizaji wa nchi mbalimbali waliipokea vizuri naye akarudi jukwaani. Sauti ile bado ina soko.

Hata hivyo, sauti hiyo sasa hupatikana kwa njia nyingine. Korg ilirudisha MS-20 katika umbo dogo mwaka 2013, na Prophet-5 ilianza kutengenezwa tena mwaka 2020. Vyombo hivi vipya vina vipuri na dhamana, mambo ambayo mkongwe hana.

Kwa kikundi cha Nkoaranga au Arusha mjini, hesabu ya busara huanza na maswali manne kabla ya kutoa fedha au kupokea zawadi: Je, sauti zote hulia? Kapasita na betri vilibadilishwa lini? Kinatumia volti ngapi? Ni fundi gani wa karibu aliyewahi kukifungua cha aina hiyo? Swali la mwisho likikosa jibu, gharama ya kukisafirisha nje kwa matengenezo huweza kupita thamani yake. Hapo zawadi hugeuka deni, na waliochanga hubaki na sanduku zito lisilotoa sauti.