Madaktari Peku wa China na Wahudumu wa Afya wa Bagamoyo

Mtoto anapopatwa na homa kali usiku katika vijiji vya Yombo au Fukayosi, wilayani Bagamoyo, mzazi hukabiliwa na maswali matatu: nani aliye karibu anayejua la kufanya, kituo cha afya kitafikiwa kwa njia gani, na nani atalipa. Maswali hayo ni ya zamani. Wakulima wa China waliulizana yayo hayo miaka ya 1960, na jibu walilolipata chini ya utawala mkali wa Kikomunisti likaenea hadi mwambao wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1958 serikali ya China, chini ya Mao Zedong, iliwakusanya wakulima katika makomyuni. Mashamba na mifugo vikawa mali ya wote, na kwa muda hata jiko la nyumbani lilifungwa, watu wakala katika mabwalo ya pamoja. Kazi ya siku ilihesabiwa kwa alama, na alama hizo ndizo zilizoamua mgawo wa nafaka baada ya mavuno. Kitambaa na mafuta ya kula vilinunuliwa kwa kuponi. Mkulima hakuweza kuhamia mjini bila kibali. Viongozi waliotaka sifa walitoa takwimu za uongo za mavuno, nafaka ikachukuliwa kwa kufuata takwimu hizo, na njaa ya miaka 1959 hadi 1961 ikaua mamilioni ya watu, wengi wao wakiwa ndio hao waliolima. Habari ya mafanikio ya afya ya enzi ile isiyoitaja njaa hiyo ni nusu ya habari.

Mafanikio hata hivyo yalikuwapo. Mwezi Juni 1965 Mao aliilaumu Wizara ya Afya kwa kuwahudumia watu wa mijini na kuwasahau wakulima. Baada ya hapo vijana wa vijijini walichaguliwa, wakafundishwa kwa miezi michache, kisha wakarudishwa makwao. Waliitwa madaktari peku, kwa kuwa katika mashamba ya mpunga ya pembezoni mwa Shanghai waliingia majarubani bila viatu kama wenzao, na sanduku la dawa likawangoja ukingoni. Walichanja watoto, walizalisha, walifunga vidonda, walichemsha mitishamba na kuhimiza uchimbaji wa vyoo. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 idadi yao ilizidi milioni moja. Elimu yao ilikuwa ndogo na makosa yao hayakuwa machache, lakini walikuwa wakazi wa mahali pale pale, na posho yao ilitoka katika alama zile zile za kazi. Kila kaya ilichanga fedha kidogo kwa mwaka katika mfuko wa tiba wa kijiji. Kwa namna hiyo swali la nani atalipa lilijibiwa hata kabla mtu hajaugua.

Tanzania iliyatazama mambo hayo kwa karibu. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Mwalimu Julius Nyerere aliitembelea China mwaka 1965, na miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha. Wananchi walitakiwa wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja kufikia mwaka 1976, ili shule, maji na zahanati viwe karibu nao. Katika mwambao jambo hilo lilikuwa na ugumu wake. Watu waliishi kando ya minazi na mikorosho waliyoipanda wao au babu zao, na mnazi hauhamishiki. Sehemu mbalimbali za nchi waliokataa kuhama walihamishwa kwa nguvu. Wazee wa vijiji vingi huvisimulia vitu vyote viwili kwa pumzi moja: zahanati iliyowafikia na nyumba walizozibomoa.

Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili, nchi nzima, walikusanyika katika vikundi vya kujisomea, wakasikiliza redio, wakajadili malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Vituo vya afya vijijini, ambavyo mwishoni mwa miaka ya 1960 vilikuwa 50 hivi, vilizidi 200 kufikia 1980. Tiba katika vituo vya serikali ilikuwa bure. Wahudumu wa afya wa vijiji nao walifundishwa na kupewa visanduku vya dawa, na malipo yao yakaachwa mikononi mwa serikali za vijiji. Hapo ndipo palipokuwa na ufa. Kijiji kisicho na mapato hakikuwa na cha kumpa mhudumu, naye alikuwa na watoto wa kulisha. Wengi walirudi shambani.

China nayo ilifika mahali pale pale kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashamba yaligawiwa kaya, makomyuni yakavunjwa, na mifuko ya tiba ya vijiji ikakauka pamoja nayo. Mwaka 1985 jina la daktari peku lilifutwa rasmi. Aliyefaulu mtihani akawa daktari wa kijiji, na riziki yake ikatokana na dawa na sindano alizoziuza. Maisha ya wengi yaliboreka haraka kwa chakula, mavazi na nyumba, lakini mkulima aliyelazwa hospitalini aliweza kurudi nyumbani akiwa na deni la miaka. Bima mpya ya wakulima ilianza kurejeshwa mwaka 2003. Tanzania, ikiwa imebanwa na uchumi, ilianza uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za serikali mwaka 1993.

Ni katika miaka hiyo migumu ambapo Bagamoyo ilitoa funzo lake. Watafiti wa Muhimbili, pamoja na wenzao wa nje, walianzisha katika vijiji vya Yombo na jirani mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa. Kamati za vijiji ziliuza vyandarua na kusimamia utiaji dawa. Kabla ya kuhubiri lolote, watafiti walisikiliza watu wanaitaje magonjwa. Waligundua kwamba "homa ya malaria" katika lugha ya wenyeji ilikuwa homa ya kawaida inayokwenda kwa vidonge, wakati degedege, yaani homa ya mtoto yenye mitukutiko, ilihesabiwa kuwa ugonjwa mwingine kabisa, unaoletwa na shetani. Mtoto alifukizwa kwa mavi ya tembo au kukojolewa na ndugu wa kike, kisha akapelekwa kwa mganga. Wengi waliamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo bango la kliniki lililosema "malaria inaua watoto" halikumgusa mama aliyekuwa akiogopa degedege. Mtu aliyeweza kuziunganisha homa hizo mbili alikuwa jirani aliyezungumza lugha ile ile na aliyeaminika kisimani.

Dawa anayopewa mtoto huyo leo nayo imetoka katika China ile ile ya misukosuko. Tarehe 23 Mei 1967, katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, serikali ya China ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta tiba ya malaria. Mtaalamu wa famasia Tu Youyou na wenzake walichambua vitabu vya kale vya tiba, wakapata katika mmea wa pakanga dawa ya artemisinini. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tangu mwaka 2006 vituo vya Tanzania vimekuwa vikitumia dawa mseto, ALu, yenye kizazi cha artemisinini ndani yake. China yenyewe ilithibitishwa kuwa haina malaria mwezi Juni 2021. Kinachowasumbua Wachina sasa ni kisukari, kinachowapata watu wazima zaidi ya milioni 100, pamoja na shinikizo la damu. Magonjwa hayo yanaongezeka mwambaoni pia, na hayaponi kwa vidonge vya siku tatu. Yanahitaji mtu wa kumfuatilia mgonjwa nyumbani mwezi hadi mwezi.

Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kupata wahudumu 137,294 katika miaka mitano, mwanamume na mwanamke kwa kila kitongoji au mtaa. Wanapewa mafunzo na posho. Udumu wa posho hiyo ndio utakaoamua kama watabaki kazini au watafuata njia ya wenzao wa miaka ya 1980. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, inagusa upande wa mgonjwa. Kuhusu mtoto wa chini ya miaka mitano, sera imekwisha kujibu: matibabu yake katika vituo vya umma hayalipiwi, na mzazi asichelewe nyumbani akitafuta fedha.

Usafiri umebadilika kuliko yote. Baiskeli ya Phoenix kutoka Shanghai, ambayo enzi ya Mao familia ya Kichina iliisubiri kwa kuponi, kwa miaka mingi ilibeba madafu na wagonjwa wa Bagamoyo. Siku hizi huitwa bodaboda kwa simu. Mhudumu anayefika kabla ya pikipiki ana kazi chache za lazima. Mtoto mwenye mitukutiko alazwe ubavu, nguo nzito zivuliwe, wala asitiwe kitu chochote kinywani, kiwe kijiko au dawa. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea sana au aliyepoteza fahamu apelekwe kituoni papo hapo, hata kama mitukutiko imekoma. Karatasi ya rufaa iandikwe saa homa ilipoanza na kila alichopewa nyumbani, kikiwamo cha mganga, na mama aulizwe jambo hilo bila kukemewa.