Je, Wajua? “Baadhi” Inaponza Wengi

Tuseme wauza miraa wote wa Mikinduri ni wafanyabiashara, na baadhi ya wafanyabiashara ni walimu. Je, baadhi ya wauza miraa ni walimu? Wengi katika mitihani ya kuomba kazi hujibu ndiyo, wakakosa: huenda walimu hao wote wanauza vitabu. Aristotle wa Ugiriki alizichambua hoja za namna hii zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Mwaka 1880 Mwingereza John Venn akaonyesha jinsi ya kuzipima kwa michoro ya duara. Vivyo hivyo, Mwiti na Karimi wakimzidi Kinoti urefu, bado haijulikani nani mrefu kati yao wawili. Mtahiniwa, jibu kwa yaliyoandikwa tu, si kwa unavyolijua soko.