"Sista, Msimtie Gesi": Kweli na Uongo wa Wodi ya Watoto

Kama umewahi kulaza mtoto, au hata kumpelekea uji ndugu aliyelaza mtoto, haya umeshayasikia. Huhitaji kuingia wodini. Yanaanzia kwenye benchi la nje, pale watu wanaposubiri muda wa kuona wagonjwa: mmoja ana mjomba aliyeshuhudia, mwingine kasimuliwa na jirani ambaye naye kasimuliwa. Na anayekutana na maneno hayo kila zamu ni nesi, maana daktari hupita raundi akaondoka. Tuyapime basi, moja baada ya jingine. Naonya mapema kwamba si kila la wazee litaanguka.

"Akishatiwa mashine ya gesi, huyo haponi."

UONGO. Na ni uongo sugu kuliko wote wodini.

Waliousema wa kwanza hawakuota. Ni kweli wapo watoto waliowekewa oksijeni wakafariki. Lakini jiulize, nani huwekewa? Ni yule ambaye nimonia au malaria kali imeshambana pumzi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa. Watu wakaona mpira puani, kisha wakaona msiba, wakaunganisha. Kwa hesabu hiyo zimamoto nao ndio wanaounguza nyumba, maana kila penye moto utawakuta.

Hewa tunayovuta wewe na mimi ina oksijeni kama asilimia 21. Mapafu mazima yanatosheka nayo. Yaliyojaa usaha na maji hayawezi kuifikisha damuni. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kipimo cha oksijeni damuni kikishuka chini ya asilimia 90, mtoto aongezewe. Familia ikikataa au ikisitasita nusu saa, ubongo na moyo wa mtoto ndivyo vinavyolipa.

Nesi anayeijua kazi yake habishani juu ya hili. Huanza na bibi, kwa sababu mara nyingi uamuzi uko kwa bibi, si kwa yule mama mdogo anayelia pembeni. "Shikamoo bibi." Kisha huiwasha mashine, hushika ile mipira miwili midogo kabla haijafika puani mwa mtoto, huisogeza kwenye shavu la bibi. "Unausikia? Ni upepo tu, bibi." Halafu hubana kile kifaa chenye taa nyekundu kwenye kidole gumba cha mguu wa mtoto. Kinasoma 84. Mipira inawekwa. 86. 89. Familia nzima imekodolea macho kile kioo kidogo. 93. Midomo iliyokuwa na rangi ya majivu inaanza kurudia rangi yake. Hapo hakuna haja ya hotuba.

"Mtoto wa degedege hachomwi sindano."

UONGO, na ni wa hatari. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliandika wazi kwamba wazazi wengi waliona degedege ni ugonjwa wa kienyeji, usiohusiana na malaria, unaotibiwa kwanza kwa kufukiza kinyesi cha tembo au kupaka mkojo. Hospitali ilikuwa ya baadaye, na sindano ikaogopwa kwamba inamaliza kazi. Mtoto alifika amechelewa, akachomwa, akafa, na lawama ikabaki kwenye sindano.

Ushahidi umekwenda upande mwingine kabisa. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa malaria kali kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Dawa zote mbili zilizolinganishwa zilikuwa za sindano. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa atesunati, asilimia 8.5. Ndiyo maana leo mtoto wa malaria kali hukimbiziwa sindano ya atesunati, awe na degedege au asiwe nayo.

Nesi mwenye busara huuliza mtoto alipewa nini nyumbani, na huuliza kwa sauti ile ile anayoulizia umri. Akifoka, mama atakayefuata ataficha, na dawa iliyofichwa inaweza kugongana na ya hospitali. Nyumbani fanya hivi: mlaze mtoto ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, kisha safari ya hospitali.

"Wakimvuta maji ya mgongo, atapooza."

UONGO. Neva kuu inayopita ndani ya mgongo haifiki mpaka chini. Huishia sehemu ya juu ya kiuno. Sindano huingia chini yake. Yanayochukuliwa hayajazi kijiko cha chai, na mwili hutengeneza mengine saa zote. Kinachopoozesha, kinachoziba masikio na kuharibu ubongo ni homa ya uti wa mgongo yenyewe, ile ambayo kipimo hicho kinaitafuta. Ila naelewa hofu ya mzazi anayeona mwanawe amekunjwa, mgongo wazi, na hakuna aliyemwambia neno. Dakika tatu za maelezo kabla ya kipimo ni sehemu ya kipimo.

"Bila dripu hajatibiwa."

NUSU KWELI. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha, macho yameingia ndani na hawezi kunywa, dripu ni uhai wake. Lakini imani kwamba kila mgonjwa akijazwa maji haraka atapona ilishawahi kupimwa hapa hapa kwetu, na wataalamu wenyewe wakashangaa. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukatolewa mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodorora. Waliokaukiwa kwa kuharisha hawakuwamo. Waliomiminiwa maji kwa kasi walifariki zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati.

Kwa hiyo ukimwona nesi amesimama chini ya chupa, anahesabu matone na kupunguza kasi, usidhani anabania dawa.

"Mtoto mgonjwa alale na mama yake."

KWELI, na hapa wazee wetu waliwatangulia wenye vitabu. Hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kumwona mtoto kwa nadra. Nyingine mara moja tu kwa wiki. Hoja ilikuwa kwamba mama akija mtoto analia, asipokuja ametulia. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa siku nane mbali na mama. Kule kutulia kulikosifiwa kukaonekana kulivyo: mtoto aliyekata tamaa. Mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt ikapendekeza milango ifunguliwe. Bibi zetu waliokuwa wakitandika kanga chini ya kitanda cha mgonjwa wangecheka sana.

Kwa mtoto njiti ushahidi ni mzito zaidi. Kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mtindo wa kangaruu, kulianzia Bogotá mwaka 1978 hospitali ilipoelemewa. Mwaka 2021 utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba wakianza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vya siku 28 za kwanza hushuka kutoka asilimia 15.7 hadi 12. Mama akiwa hoi, baba au shangazi anaweza kufungua kifua. Nimeona akina baba wakisita kwa aibu mpaka nesi anapowaletea kiti, anawafungia kanga, anawaambia wasitikisike.

"Kichanga hasikii maumivu."

UONGO, ingawa safari hii waliopotoka ni madaktari. Hadi miaka ya 1980 vichanga wengine walipasuliwa kwa ganzi hafifu au dawa ya usingizi isiyotosha, mpaka kazi ya K. J. S. Anand mwaka 1987 ilipoonyesha jinsi miili yao inavyoumia. Bibi anayesema "mpe ziwa atulie" yuko sahihi: kunyonyesha wakati wa sindano hupunguza maumivu. Kwa mkubwa kidogo, usimwambie "haichomi". Atakuamini mara moja tu.

"Manesi wameshazoea, hawana huruma."

UONGO kwa wengi wao, japo malalamiko yana msingi. Nesi mmoja usiku, watoto wawili kitanda kimoja, dawa za saa sita, huyu anahitaji damu, yule kanula imechomoka. Uchovu huo unaeleza ukali, hauuhalalishi. Na wale wanaosema kufariji familia ni hisani, si kazi, wamekosea pia. Mama aliyeelewa hamng'oi mtoto mpira puani usiku, hamtoroshi kabla ya kumaliza dozi, na ndiye anayegundua wa kwanza kwamba pumzi imebadilika.

"Usiwasumbue manesi, wataudhika."

UONGO. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 kutoka Melbourne, Australia, ulionyesha kwamba wasiwasi wa mzazi ulihusiana zaidi na mtoto kuishia chumba cha wagonjwa mahututi kuliko hata vipimo vya mapigo ya moyo na upumuaji. Swali "Mama, unamwonaje leo?" linapaswa kuwamo katika kila zamu, na jibu liandikwe kwenye faili.

Kwa hiyo mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akihema kwa shida, au akilegea na kunyamaza kuliko kawaida yake, usingoje raundi ya asubuhi na usiogope kuonekana msumbufu. Inuka, muite nesi. Asipokuja, muite tena.