Vilima vya Gusii vinavyowaponza wenye magari ya tabo

GARI linapotoka Mombasa likapanda hadi Nyamache, Kaunti ya Kisii, hewa linayoivuta huwa nyepesi kuliko ile liliyoondoka nayo. Katika usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni PSI 14.7. Katika kimo cha mita 2,000, ambacho vilima vya majani chai vya Gusii hukikaribia, hushuka hadi PSI 11.5 hivi.

Injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja kwa tano ya nguvu zake katika kimo hicho. Ndiposa Probox iliyosheheni abiria na magunia hulia ikipanda mlima. Injini ya tabo huponea kwa sababu ina feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, ambayo husindika hewa zaidi ndani ya silinda.

Wakenya waliyaona hayo zamani katika Safari Rally. Björn Waldegård alishinda mwaka 1984 akiendesha Toyota Celica ya tabo, naye Colin McRae akashinda mwaka 1997 kwa Subaru Impreza. Pengine ushindi huo wa pili umewagharimu vijana wengi kuliko walivyotarajia, kwani gari la mashindano hufuatwa na kikosi cha mafundi; la mtumba kutoka Japani hufuatwa na mwenyewe tu.

Mambo huharibika mwenye gari anapotaka nguvu zaidi, na fundi akakubali kuongeza msukumo wa tabo bila ya kuelewa kile anachokipima.

Geji ya magurudumu husoma sufuri gurudumu likiwa limepasuka, ingawa ndani mna hewa ile ile iliyo nje. Geji ya tabo inayobandikwa karibu na usukani hufanya vivyo hivyo: huonyesha tu kile kilichozidi hewa ya nje. Lakini kihisi cha shinikizo kinachoipasha habari kompyuta ya injini huhesabu hewa yote, ya nje pamoja na ile iliyoongezwa.

Tofauti hiyo si ndogo. Tabo ikiongeza PSI 10 Mombasa, jumla huwa 24.7. Ikiongeza PSI 10 zizo hizo Nyamache, jumla ni 21.5. Ili gari lipate nguvu za Mombasa, ni lazima tabo iongeze PSI 13.2. Pwani ilikuwa ikizidisha hewa mara 1.7, huku juu italazimika kuizidisha zaidi ya mara mbili. Feni huzunguka kwa kasi kubwa mno, na hewa iliyokandamizwa hivyo hutoka ikiwa moto.

Hewa moto hualika noki, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa kulipuka ovyo kabla ya moto wa plagi kuufikia. Noki ikirudiwa, pistoni huvunjika. Aidha, magari mengi ya tabo ya Japani yaliundwa kutumia petroli ya huko yenye okteni inayokaribia 100. Kwa anayenunua petroli iliyochanganywa na mafuta taa, hatari huwa maradufu. Ulaghai huo wa kuchanganya mafuta ndio uliofanya serikali kutoza mafuta taa ushuru wa Sh18 kwa lita mwaka 2018.

Kosa jingine hufanywa kwenye kihisi chenyewe. Kihisi huzungumza na kompyuta kwa volti, kati ya sufuri na tano. Fundi aking'oa kilichotengenezwa kupima hadi baa 2.5 na kutia cha baa 3 bila kubadilisha programu, volti ile ile sasa humaanisha hewa nyingi zaidi. Kompyuta isiyo na habari hudhani hewa ni kidogo, ikapunguza petroli. Magari mengine, zikiwemo Subaru nyingi, yana pia kihisi kinachopima hewa inayopita, lakini nacho kikishika vumbi la barabara za changarawe hudanganya.

Tabo inapofanya kazi kwa nguvu, injini huhitaji takriban gramu 11 hadi 12 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Kipimo hicho husomwa kwa kihisi maalumu cha oksijeni kwenye ekzosi, wala hakikisiwi kwa rangi ya moshi.

Kabla ya kugusa programu, fundi mwangalifu hukagua mipira ya hewa iliyopasuka, plagi na chujio la petroli. Kisha huwasha swichi bila kuwasha injini, akasoma kihisi cha shinikizo kwenye mashine ya uchunguzi. Katika kimo cha mita 2,000 kinapaswa kuonyesha karibu kilopaskali 80. Kikionyesha 101, kama kwamba gari limeegeshwa ufuoni, basi kihisi, waya wake au programu ina kasoro, na msukumo wa tabo haufai kuongezwa hata kidogo hadi kasoro hiyo ipatikane.