Tangazo la zabuni: namna Leta inatafuta mtu wa kujenga, na nafasi yetu vijana wenye diplome

Wandugu, kila mara kuna tangazo lenye linapita kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: Leta inatafuta kampuni ya kujenga shule, kituo cha afya, daraja, ao kutengeneza barabara. Kurasa mbili za Kifaransa, vifupisho vingi, tarehe ya mwisho chini kabisa. Wengi wetu tunasoma mistari mitatu, tunasema "hii iko ya watu wao", tunapita.

Wenye wanasemaka hivyo wameona mengi, na hawakosei yote. Lakini hasara inakuwa mara mbili. Kwanza, mwenye diplome ya ujenzi, ya sheria ao ya uchumi anaacha kazi ambayo alisomea. Pili, kama watu wenye kujua kusoma hawasomi ile dosie, anayetaka kuiba anafanya kazi yake kwa utulivu. Kwa hiyo leo tueleze pole pole: "appel d'offres", ni kusema zabuni ya marshe ya Leta, inapita njia gani, vijana wanaangukia wapi, na feza inapotelea wapi.

1. JUU YA NINI LETA INAPASHWA KUULIZA BEI MBELE YA WOTE

Feza yenye inajenga shule si ya waziri wala ya gavana. Ni kodi ya mama wa soko, ni mirabaha ya madini, ni deni lenye watoto wetu watalipa. Mwenye kutumia feza ya wengine hawezi kuchagua fundi kama vile anachagua fundi wa kumjengea nyumba yake.

Katika Kongo yetu, sheria kubwa ya jambo hili ni ile namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Kabla yake tulikuwa bado tunatumia maandishi ya mwaka 1969. Sheria ya 2010 inasimama juu ya mambo matatu: kila mwenye uwezo anaruhusiwa kuomba, wote wanapimwa kwa kipimo kimoja, na kila hatua inafanyika wazi. Zabuni ya wazi ndiyo kanuni. Kumpa mtu mmoja kazi bila kushindanisha, kile tunaitaka gre-a-gre, ni kwa hali chache tu.

Sheria hiyo iligawanya kazi kwa mikono mitatu, na ukielewa hii umeelewa nusu ya mambo:

– CGPMP iko ndani ya wizara, jimbo ao shirika lenye linataka kujenga. Hiyo njo inatayarisha dosie, inatangaza, inapokea bahasha na kuzipima.
– DGCMP inachunguza kabla: inaangalia kama dosie iko sawa, na kama gre-a-gre inaombwa, hiyo njo inapashwa kutoa ruhusa.
– ARMP inaweka kanuni, inafundisha, inakagua nyuma, na inasikiliza malalamiko ya kampuni.

Ni kama mpira. CGPMP inacheza, DGCMP inapuliza filimbi, ARMP ni shirikisho. Siku mtu mmoja anacheza na kupuliza filimbi, unajua tayari goli litaingia upande gani.

Tena tusichanganye ARMP na ARSP. ARSP inahusu sheria ya mwaka 2017 juu ya kazi ndogo zenye makampuni ya binafsi, kwa mfano ya madini, yanakabizi kwa makampuni mengine. Vijana wengi wa Lubumbashi na Kolwezi wanapeleka dosie ya huku kule, wanapoteza siku.

2. NJIA YA DOSIE

Kazi haianzi na tangazo. Inaanza na mpango wa mwaka: kila ofisi inapashwa kuandika marshe zenye itapitisha, na kwa njia gani. Mwenye anasoma ule mpango mapema anakuwa na miezi ya kujitayarisha. Mwenye anangojea WhatsApp anabaki na siku tano.

Kisha inatoka DAO, ile dosie ya zabuni. Ndani mna masharti, mapicha ya jengo, aina ya vifaa, na orodha ya kazi na vipimo: kuchimba meta ngapi, beto meta kibu ngapi, mabati mangapi. Orodha hiyo wewe njo unaijaza bei.

Bahasha zinafungwa, zinawekwa mbele ya saa yenye imeandikwa. Ukifika dakika kumi nyuma, juu mvua ilinyesha, bahasha inarudishwa bila kufunguliwa. Kisha zinafunguliwa mbele ya watu: jina linasomwa, bei inasomwa, garanti inaonyeshwa kama iko ao haiko, na proseverbali inaandikwa. Siku ile hakuna anayeshinda. Kuna kusoma tu.

Hapo nyuma, kamati ndogo inapima. Na hapa watu wengi wanadanganyika: wanazania mwenye bei ndogo amekwisha kushinda.

3. MFANO WA KUHESABU

Tuseme ni shule ya vyumba sita. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini kupima kunafanyika hivi. Bahasha tatu zimefunguliwa:

Kampuni A: dola 98.500
Kampuni B: dola 104.000
Kampuni C: dola 105.200

Kwa masikio ya watu wenye walikuwa mu sale, A ameshinda. Lakini A hakuweka garanti ya zabuni yenye DAO ilitaka. Anatoka, hata kama bei yake ni tamu.

B anabaki wa kwanza. Kamati inarudilia hesabu zake mstari kwa mstari. Kwenye beto aliandika meta kibu 40, bei ya moja dola 260, jumla 8.400. Lakini 40 mara 260 ni 10.400. Kanuni ya kawaida inasema bei ya kimoja inashinda jumla. Kwa hiyo wanamuongezea 2.000, na bei yake inakuwa 106.000.

C hakukosea kitu: 105.200. Dosie yake inajibu masharti yote. C anapata kazi, na alikuwa wa mwisho siku ya kusoma.

Mwenye hajui kanuni atatoka pale anapiga kelele "wameuza marshe!". Mwenye anajua ataomba aone hesabu. Njo maana kujua kuna faida kwa pande zote mbili: unaacha kushitaki mwenye hana kosa, na unajua kushitaki mwenye kosa.

4. VIJANA WANAANGUKIA WAPI

Kwanza, karatasi. Kampuni ya kweli iko na RCCM, namba ya identifikasio nasionali, namba ya kodi, hakikisho la DGI lenye halijaisha muda, na karatasi za CNSS, INPP na ONEM kufuatana na vile DAO inasema. Moja yenye imeisha jana inaweza kukutoa. Dawa yake si kukimbia siku ya mwisho. Ni kuwa na dosie moja ya kudumu na kuandika tarehe ya kila karatasi.

Pili, feza. Garanti ya zabuni inatoka benki ao mahali pengine penye DAO imekubali. Ukishinda, kuna garanti ya utekelezaji. Na hata ukipewa avansi, malipo yanayofuata yanakuja nyuma ya kazi, si mbele. Leta yetu inajulikana kwa kuchelewa kulipa. Kampuni ndogo inaweza kumaliza shule vizuri na kufa kwa deni la simenti. Kabla ya kutia sainyi, uliza: nikikaa miezi sita bila franka, wafanyakazi wangu watakula nini?

Tatu, bei za kukisia. Mtu anachukua bei za Lubumbashi, anapeleka ku Manono ao ku Kabalo. Mfuko wa simenti ukifika kule umekwisha kulipa lori, vivuko, barriere na matope ya mvua. Tembelea mahali penyewe kabla ya kuandika. Uliza mchanga unatoka wapi, maji yako wapi, barabara inafunga mwezi gani.

Nne, uzoefu. DAO inataka kazi za kufanana zenye ulikwisha kufanya. Hapa kijana anauliza: nitapata uzoefu wapi kama mnanikatalia juu sina uzoefu? Swali ni la haki.

5. MLANGO WA MWENYE HANA UZOEFU

Milango iko, hata kama si mipana.

Wa kwanza ni kujiunga. Kampuni mbili ao tatu zinaweza kuweka bahasha moja, zikijibu pamoja mbele ya Leta. Wenye enjenieri wazuri wanajiunga na mwenye mashine na miaka. Lakini muandike mapatano: nani anafanya nini, feza inaingia konti gani. Urafiki wa iniversite si mapatano.

Wa pili ni kazi zenye zimegawanywa kwa loti. Usirukie loti zote. Chukua moja yenye mabega yako yanaweza.

Wa tatu ni marshe ndogo zenye ofisi inauliza bei kwa kampuni chache tu: kutengeneza choo cha shule, kupaka rangi, kuziba shimo. Kazi ndogo yenye ilipokelewa vizuri na kuandikwa, kesho ni ukurasa wa uzoefu.

Wa nne ni kufanya kazi ndani ya mambo haya bila kuwa na kampuni: kupima vipimo, kutayarisha dosie, kusimamia shantie, kukagua kwa niaba ya Leta, ao kuingia CGPMP. Mwanasheria anayejua kusoma DAO na kuandika malalamiko kwa muda ni mtu wa kutafutwa.

Tena uangalie feza ni ya nani. Zabuni ya mradi wa Benki ya Dunia inafuata kanuni za Benki hiyo. Programu ya PDL-145T, ile ya teritwari zetu 145, yenye ilipangiwa kujenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala, ilikabiziwa PNUD, BCECO na CFEF. Kila moja iko na namna yake ya kutangaza. Usijaze dosie kabla ya kujua uko uwanja gani.

6. MAHALI FEZA INAPOTELEA

Tusidanganyane: sheria nzuri iko, na shule zenye mabati yanaruka na upepo ziko pia. Michezo yenyewe ni ya zamani.

Kuna gre-a-gre ya "haraka". Sheria inairuhusu kama kuna mtu mmoja tu mwenye ufundi ule, ao kama kuna haraka yenye hakuna aliyeweza kuiona mbele. Mafuriko yamebeba daraja, hiyo ni haraka. Sikukuu yenye tarehe yake inajulikana tangu mwaka jana si haraka. Tukumbuke programu ya siku 100 ya mwaka 2019: kesi ya nyumba zake za kuunganisha ilifika mbele ya tribinali ya Kinshasa mwaka 2020, na watu wengi njo walisikia neno gre-a-gre kwa mara ya kwanza. Hukumu ilitoka mwaka ule, na mwaka 2022 mshitakiwa mkuu akaachiliwa huru. Upande wowote wenye mtu alikuwa, somo ni moja: mahali penye hapakushindanishwa, hata mwenye haki anapata shida ya kuonyesha haki yake.

Kuna kukatakata: kazi moja kubwa inageuka kazi ndogo tano, juu ya kukimbia zabuni ya wazi. Sheria inakataza.

Kuna bahasha tatu za mtu mmoja: majina matatu, lakini mwandiko wa bei na hata makosa ya kuandika yanafanana.

Kuna masharti ya kushona, kama koti: DAO inaomba kitu chenye kampuni moja tu iko nacho.

Na kuna «opération retour». Tuhesabu pamoja. Shule ya dola 100.000, mkubwa anataka 15.000 zirudi. Kampuni ilitazamia faida ya 10.000. Hizo 5.000 zenye zinapunguka, pamoja na faida yenye hakuna anayekubali kuacha, zitatoka wapi? Zitatoka kwenye simenti, kwenye fere ya beto, kwenye unene wa bati. «Opération retour» hailipwi na kampuni. Inalipwa na ukuta, na mwisho na mtoto mwenye anakaa chini ya ule ukuta.

7. TUNAWEZA KUFANYA NINI

Si lazima kuwa na kampuni. Kila shantie ya Leta inatazamiwa kuwa na kibao: mwenye kazi, kampuni, mkaguzi, muda, chanzo cha feza. Kama hakiko, uliza. Siku ya kufungua bahasha si siri; wenye waliomba wako na haki ya kuwa pale. Kampuni yenye imekataliwa inaweza kuomba sababu kwa maandishi, kulalamika kwanza kwa ofisi yenyewe, kisha kwa ARMP. Siku za kulalamika ni chache, kwa hiyo usikae kulia wiki mbili.

Na kazi ikiisha, kuna kupokelewa mara mbili: ya muda, kisha ya mwisho nyuma ya kipindi cha garanti. Katikati pale, ukuta ukipasuka, kampuni inapashwa kurudi kutengeneza bila kuongezewa. Chef wa mtaa, direkta wa shule na wazazi wengi hawajui hii. Wanakaa na ufa mpaka garanti inaisha. Kijana mmoja mwenye alisoma, akiandika barua moja na picha tano kwa tarehe nzuri, anaweza kuokoa jengo la mtaa mzima.

Kwa hiyo tangazo lingine likipita kwenye grupu, usipite nalo. Lifungue, tafuta vitu vinne: ni feza ya nani, kazi iko wapi, wanaomba karatasi gani, siku ya mwisho ni ipi. Hata kama hautaomba, utakuwa umejua kitu kimoja kuhusu mtaa wenye shule ile itajengwa. Kisha umpelekee mwenye anaweza kuomba.