Logariti na Muda wa Fedha Kukua kwa Riba

Riba inapoongezwa kwenye mtaji, nayo ikaanza kuzaa riba, akiba au deni hukua kwa kuzidishwa, si kwa kujumlishwa. Mtaji M, kwa kiwango r kwa mwaka, baada ya miaka n hufikia J = M(1 + r)ⁿ. Kuitafuta J ni kazi ya kuzidisha tu. Ugumu uko kwenye n: imekaa juu, kwenye kipeo, na kutoa au kugawanya peke yake hakuwezi kuishusha.

Wababeli walikutana na ugumu huo karibu miaka 4,000 iliyopita. Kibao cha udongo AO 6770, kilichohifadhiwa katika makumbusho ya Louvre mjini Paris, kinauliza fedha zilizokopeshwa kwa asilimia 20 zitakuwa maradufu baada ya muda gani. Baada ya miaka 3 kila 1 huwa 1.728, baada ya miaka 4 huwa 2.0736. Jibu limo katikati. Aliyeandika kibao alichukulia kwamba ndani ya mwaka huo wa nne fedha hukua kwa kasi ileile, akapata miaka 3.787 kwa desimali za leo. Jibu kamili ni 3.802. Alikosea kwa siku tano na kitu, na kwa zana alizokuwa nazo hiyo ni hesabu ya kustahiwa sana.

Njia ya moja kwa moja ilipatikana mwaka 1614, John Napier wa Uskoti alipochapisha majedwali ya logariti. Henry Briggs akayajenga upya juu ya namba 10. Logariti ya namba hueleza 10 ipewe kipeo gani ili namba hiyo ipatikane, na sifa yake kuu ni kukigeuza kipeo kuwa kizidisho: n × log(1 + r) = log(J ÷ M). Hapo n hupatikana kwa kugawanya:

n = log(J ÷ M) ÷ log(1 + r)

Tuseme shilingi 1,000,000 zimewekwa kwa asilimia 8 na zinatakiwa zifike 2,500,000. Log 2.5 ni 0.39794, log 1.08 ni 0.03342, n ni miaka 11.9. Ikiwa riba huingizwa mwisho wa mwaka tu, mwenye akiba atangoja mwaka wa 12 utimie. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtaji wenyewe haukuamua muda huo, bali uwiano wa J kwa M: elfu kumi zingehitaji miaka hiyohiyo kufika elfu ishirini na tano.

Kanuni ya 72, iliyomo katika kitabu cha Luca Pacioli cha mwaka 1494, ni mkato wa hesabu hii kwa fedha zinazotakiwa kuwa maradufu: 72 ÷ 8 ni miaka 9, karibu sawa kabisa na logariti. Kwa asilimia 20 hutoa 3.6, pungufu kuliko jibu la Wababeli.

Katika mfano wa shilingi 1,000,000, riba ikiingizwa kila mwezi, kiwango nacho sharti kiwe cha mwezi: 0.08 ÷ 12. Hapo n huhesabiwa kwa miezi, nayo ni 137.9. Lengo la 2,500,000 hutimia mwezi wa 138, yaani miaka 11 na nusu.